Ng'ombe Ayen na Orodha Yangu ya Mambo Makuu ya Dunia

Tangu nirudi sijakunywa chai yangu ikiwa moto. Nikiingia tu chumba cha walimu, mmoja ananiuliza kuhusu joto, mwingine kuhusu majambazi wa njiani, na wote kwa pamoja mnataka habari ya yule msichana. Nimeamua kuandika. Someni, mpeane, na mkimaliza msiniulize tena.

Kwa wale ambao hamkuwapo shule ilipofunguliwa Januari hii ya tisini na saba, kisa chenyewe ni hiki. Shule yetu hapa Kitale ilipata mfadhili wa kumsomesha msichana mmoja mkimbizi kutoka kambi ya Kakuma. Aliyechaguliwa ni Achol, Msudani, aliyefanya mtihani wa darasa la nane kulekule kambini na kuwapita wavulana wote. Mfadhili ana sharti moja: msichana asiwe ametimiza miaka kumi na minane. Achol hana cheti cha kuzaliwa. Kadi yake ya kambi inasema alizaliwa tarehe mosi Januari, sawa na kadi ya jirani yake na ya jirani wa jirani yake, na mwaka umefutika kwa jasho. Ilibidi mtu aende akakadirie umri wake na kurudi kabla ya Jumatatu iliyofuata, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Mkuu wa shule akanitazama mimi. "Wewe ndiwe mwalimu wa historia," akasema, kana kwamba nimefumaniwa.

Nakiri nilijivuna. Nilikaa siku mbili nikitunga orodha ya mambo makuu yaliyoibadilisha dunia, bara kwa bara. Mtu kutua mwezini. Mfalme wa Ethiopia kupinduliwa. Vita vya Vietnam kwisha. Msumbiji na Angola kujitawala. Iran kumfukuza mfalme wake. Zimbabwe kupata uhuru. Ukuta wa Berlin kubomolewa. Afrika Kusini kumwachia mfungwa wake. Nia yangu ilikuwa kumuuliza shangazi yake Achol, ndiye aliyemlea, mtoto alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea, kisha nipige hesabu. Niliichapa nakala tatu kwa taipureta ya ofisini, na niliiona nzuri mno.

Kitale hadi Kainuk

Mkuu alinipa mwenzangu wa safari, Ekal, bawabu wetu wa lango, aliyekuwa akienda likizo kwao Turkana. Mnamjua Ekal wa langoni: mtu mzima, mpole, hasemi neno mpaka aulizwe. Huyo ni Ekal wa Kitale. Akishateremka milima ya Pokot na kuuona mchanga wa kwao, hanyamazi.

Basi lilikufa kabla ya Ortum. Mkanda wa feni ulikatika, na wa akiba haukuwapo kwa sababu, kama kondakta alivyoeleza bila haya, wa akiba ndio huo uliokatika. Wanaume wote walishuka wakaizunguka injini na kuitazama. Baada ya saa nzima ya kutazama, kondakta alirudi ndani, akapita akikagua miguu ya akina mama, akasimama kwangu. Alitaka soksi zangu ndefu za nailoni. Nilikataa. Basi zima likageuka kunikodolea macho, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa mapajani. Nilizivua nyuma ya kichaka nikiwa na hasira za kulia, dereva akazifunga mahali pa mkanda, gari likanguruma, na abiria wakanipigia makofi. Nimefundisha miaka ishirini na sijawahi kupigiwa makofi, mpaka siku ya soksi.

Kainuk ndiko magari husubiri polisi wa kuyasindikiza. Tulifika saa sita. Polisi walikuwa tayari, bunduki zilikuwa tayari, lakini mkubwa wao alikuwa ameagiza mbuzi na mbuzi alikuwa bado jikoni. Saa saba. Saa nane. Nilimfuata nikamwambia nina safari ya haraka. Akanikaribisha mbavu.

Kwa kupoteza wakati nikaijaribu orodha yangu kwa Ekal.

"Ekal, ulikuwa na umri gani mtu alipotua mwezini?"

"Nani alimuona?"

"Dunia nzima ilimwona."

"Sisi hapana kuona," akasema Ekal. "Hiyo miaka mbuzi ilikuwa inakufa na kikohozi. Kama mutu alipita huko juu, sisi tulikuwa tunaangalia chini."

Nikamuuliza kuhusu Vietnam. Akauliza Vietnam wanafuga nini. Nikaikunja orodha na kwenda kuzila zile mbavu.

Lodwar, siku mbili nisizoziomba

Nilidhani nitalala Lodwar usiku mmoja. Lori la polisi linalosindikiza magari ya Kakuma lilikuwa limekwenda Lokichoggio na halikurudi Jumanne, wala Jumatano. Kila niliyemuuliza alinijibu "kesho" kwa uchangamfu, kama mtu anayekupa zawadi. Joto la Lodwar nalo sitalieleza. Mtu akitaka kulijua, aingize kichwa kwenye tanuri la mkate wa bweni na akae humo akisahihisha madaftari.

Tulikuwa tukila kwa Halima, Msomali mwenye hoteli karibu na kituo cha mafuta. Anjera zake, ile mikate myembamba ya Kisomali, ni laini, chai yake ina maziwa ya ngamia, na sukari anaitia yeye mwenyewe bila kukuuliza. Nilimwomba chai isiyo na sukari. Akaniletea ile ile, akanibembeleza kama mgonjwa: "Kunywa tu, mwalimu, umechoka." Halima anasikiliza redio toka alfajiri mpaka anafunga, na hakuna jambo la dunia hii asilolijua. Nikafikiri, afadhali nimempata msomi mwenzangu. Nikampa orodha.

Aliisoma yote, akaigeuza kutazama nyuma, akairudia.

"Hii nani ameandika?"

"Mimi."

"Pole," akasema. "Serikali yetu ilianguka mwaka wa tisini na moja, watu wamejaa mpaka hapa kwangu, na wewe hukuiandika? Dunia yako haina Mogadishu?"

"Nafasi ilikwisha, Mama Halima."

"Kwa Berlin nafasi ilikuweko."

Akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika Mogadishu juu ya Vietnam kwa herufi kubwa. Mteja mmoja mzee, aliyekuwa akila samaki meza ya pili, akauliza tunaandikisha nini, na alipoelezwa akasema tumesahau Lokitaung. Wazee wa uhuru walifungwa Lokitaung, akasema, na yeye akiwa kijana aliwaona kwa macho yake wakichimba. "Wewe ni mwalimu wa historia na hapo hukuweka?" Kila mwaka nafundisha habari za kufungwa kwao, na wakati wa kuandika mambo makuu nikaenda kuyatafuta Ujerumani. Halima akaandika Lokitaung pia, akaimwagia chai, na nakala ya kwanza ikawa imekwisha kazi.

Lodwar hadi Kakuma

Alhamisi lori la polisi lilirudi na tukatoka, mimi na Ekal tukiwa mbele katika lori la mahindi. Nilikalia blanketi juu ya kifuniko cha injini, na sasa najua mkate unavyojisikia upande wa chini. Dereva alikuwa akitafuna miraa na kunisimulia ubaya wa wake zake kwa zamu.

Tulikwama katika mto mkavu. Mto wenyewe hauna tone la maji, lakini mchanga wake unameza gurudumu mpaka ekseli, na msafara haumngojei mtu. Magari mengine yakatupita, abiria wakitupungia mikono. Tulichimba, tukaweka matawi, tukasukuma, tukachimba tena. Mwanamke mmoja Mturkana mwenye shanga hadi kidevuni alitokea na mbuzi wake. "Ejok," akasalimu, na Ekal akajibu "Ejok," wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, wakiulizana habari za kila mnyama. Mwanamke alinitazama nikisukuma lori kwa viatu vya kisigino, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniomba karatasi. Nilifurahi, nikampa nakala ya pili. Akaipasua vipande viwili sawasawa, akafungia tumbaku yake katika kile cha Iran na Zimbabwe, cha pili akakihifadhi shingoni, akaenda zake.

Tuliingia Kakuma Ijumaa asubuhi badala ya Alhamisi jioni. Hesabu ni yenu: nilikuwa na Ijumaa hiyo peke yake, kwa sababu gari la kurudi Lodwar na polisi wake lilikuwa linaondoka Jumamosi, na lingine Jumanne.

Kakuma

Mambo ya vibali na foleni za ofisini nayaruka, nisije nikachana karatasi hii. Saa saba mchana nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ya Nyandeng, shangazi yake Achol. Ni nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe ya mafuta ya kupikia yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na ndani yake palifagiliwa mpaka niliona haya kwa viatu vyangu. Nyandeng alinipa kisra, mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia. Ni mama mrefu sana, mwenye alama za kwao kwenye paji la uso, na Kiswahili chake amekiokota sokoni hapo hapo Kakuma, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba.

Achol alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake. Alinisalimu kwa Kiswahili safi na kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, kisha nikamwomba atoke nje, ili shangazi ajibu mwenyewe. Alitoka akasimama nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake wakati wote.

Nikatoa nakala ya tatu. Nikaanza na mwezini, kisha Vietnam, kisha Angola. Nyandeng alitikisa kichwa kwa adabu. Nilipofika Berlin nikaeleza kwamba palikuwa na ukuta mkubwa uliogawa mji, na watu wakaubomoa.

"Ukuta ya nani?" akauliza.

"Wa serikali."

"Ngombe ilikuwa ndani?"

"Hapana, mama. Watu."

"Ah," akasema, na nikaona kwamba jambo hilo limekwisha kumtoka.

Nilikuwa nimechoka, nina mchanga masikioni, na nilisoma mstari wa mwisho kwa ukali tu, ili niseme nimemaliza. Ulikuwa mstari mfupi nilioubana chini kabisa ya ukurasa: serikali ya Addis Ababa kuanguka.

Nyandeng aliweka bakuli chini. "Hii mimi najua," akasema. "Sisi tulikuwa kule Ethiopia, kambi. Serikali naanguka, wanafukuza sisi na bunduki. Mto imejaa. Mimi nashika Achol na nywele yake, navuka. Wengine, mafi, hakuna tena. Maji nachukua."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetazama pembeni. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha nne nikiwaambia kwamba Urusi ilipoishiwa nguvu, serikali zilizokuwa zikiiegemea zilianguka moja moja, na naandika ubaoni, moja moja, na kengele inalia. Ule ukuta ulibomolewa Ujerumani, na mama huyu akavuka mto akivuta mtoto kwa nywele. Sikuwahi kufikiri kwamba mambo hayo mawili ni somo moja, na niliona aibu.

Lakini umri bado sikuwa nao. Nikamuuliza Achol alikuwa mkubwa kiasi gani mtoni. Akasema nywele zake zilikuwa zinashikika. Nikamuuliza alizaliwa lini. Hapo uso wake ukafunguka, akaniambia kama jambo linalojulikana na kila mtu: alizaliwa wiki ambayo Ayen alizaliwa.

"Ayen ni dada yake?"

"Ayen ngombe. Ngombe ya ndugu yangu, baba ya Achol. Rangi ya mchanga. Mama yake alikuwa na pembe hivi." Akainua mikono kuonyesha pembe.

Nilifunga daftari. Nawaambieni ukweli, nililifunga. Nimesafiri siku tano, nimetoa soksi zangu, na mwisho wake napewa ng'ombe. Nikasema, kwa sauti niliyoijutia, kwamba mfadhili hataki habari za ng'ombe.

Ekal alikuwa nje akinywa maji, akingoja kuniaga. Aliposikia neno ng'ombe aliingia bila kuitwa. Nyandeng alikunja uso, kwa sababu wenyeji na wakimbizi hapo wanagombania kuni kila siku na Mturkana haingii nyumba ya Msudani hivi hivi. Ekal hakujali. Alichuchumaa.

"Hiyo Ayen ilizaa?" akauliza.

"Aiwa. Mara nne."

"Ya kwanza dume?"

"Jike. Nyeusi, tumbo nyeupe."

Nikawapoteza. Waliongea kwa zaidi ya saa moja, yeye na Kiswahili chake kilichovunjika na Ekal na cha kwake, juu ya malisho, na ugonjwa wa midomo, na mwaka ambao majani yalichelewa. Kila ndama wa Ayen aliingia pale ndani na rangi yake na tabia yake. Halafu Ekal akaokota vijiwe, akavipanga sakafuni mbele yangu, akanifundisha polepole, kama mimi ninavyofundisha wale wa nyuma darasani.

"Angalia, mwalimu. Mtamba anazaliwa wiki moja na msichana. Anazaa ya kwanza mwaka ya nne. Halafu kila mwaka moja na nusu. Ya pili, ya tatu, ya nne. Siku maadui wanachukua ngombe na hawa wanakimbia Ethiopia, ile ya nne ilikuwa inanyonya, iko miezi sita. Hiyo ni ngapi?"

"Tisa," nikasema.

"Mama, Ethiopia mulikaa mvua ngapi?"

"Nne."

"Na toka mto mpaka leo, hiyo ni ya karatasi yako. Wewe sema."

Mitano na nusu. Nikajumlisha, nikajumlisha tena. Ilikuwa hesabu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzipata kwa shahidi yeyote, na jibu lake lilikuwa miaka kumi na minane na nusu. Achol alikuwa ameupita umri wa mfadhili kwa miezi sita.

Vidole nyuma ya pazia vilijikunja. Ekal alivitazama vijiwe vyake kama mtu aliyetega mtego akanasa mbuzi wake mwenyewe. Kisha akasogeza vijiwe viwili karibu karibu.

"Mama," akasema taratibu, "pengine hii mbili ilikuwa mapacha. Ngombe nazaa mapacha. Ikiwa mapacha, tunatoa mwaka moja na nusu. Msichana naenda shule."

Nyandeng alivitazama.

"Ayen hapana zaa mapacha."

"Pengine umesahau."

"Mimi?" Sijawahi kusikia neno dogo likisemwa hivyo. Ekal akainamisha kichwa.

Pazia likafunguka. Achol aliingia, akapiga magoti mbele yake. "Shangazi, nakuomba. Sema tu mapacha. Ni neno moja. Ng'ombe mwenyewe hayupo."

Nyandeng alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, alimjibu kwa Kidinka kwanza, halafu akanigeukia mimi ili nami nielewe. "Ya ustaza, wale maadui wamechukua nyumba. Wamechukua ndugu yangu. Wamechukua Ayen na watoto yake. Ile mimi najua tu, hawakuchukua. Nikiweka ndama ya uongo ndani, mimi nabaki na nini?"

Achol alilia bila sauti. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu: na mfadhili na miaka yake, na mkuu wa shule, na yule polisi na mbuzi wake, na mama huyu ambaye kwa neno moja angemwokoa mtoto aliyemvuta toka mtoni na hakutaka kulisema. Na nilijua kwamba ana haki. Huo ndio uliokuwa uchungu wa hasira yenyewe.

Nilitoa fomu ya mfadhili. Ina mstari wa umri, na chini yake mstari mwingine unaouliza ushahidi uliotumika. Kwenye umri niliandika kumi na saba. Kwenye ushahidi niliandika: mambo makuu ya historia ya dunia, kwa makadirio ya mwalimu, nikaambatisha nakala yangu ya tatu na kutia sahihi. Najua karatasi hii mnayoisoma itafika kwa mkuu wa shule. Ifike. Miaka ishirini nimewaambia wanafunzi wasiandike wasichoweza kukithibitisha, na akitaka kuniuliza yuko mlango wa pili, nami nipo.

Nyandeng alikuwa akiitazama kalamu. Hajui kusoma, lakini alijua.

"Umeandika ngapi?"

"Kumi na saba, mama."

Alikuwa bado ameshika kichwa cha Achol.

"Ayen iko ndani ya hiyo karatasi?"

"Hapana, mama. Hayumo."

"Kalas, basi," akasema. Akamwinua Achol, akamfuta uso kwa ncha ya nguo yake. "Leta sanduku."